Dawa za Afya ya Akili na Watu wa Nyumbani

Katika Afrika Mashariki, mgonjwa anayeruhusiwa kutoka hospitali za magonjwa ya akili kama Mirembe ya Dodoma, Mathari ya Nairobi au Kidongo Chekundu ya Unguja kwa kawaida hurudi moja kwa moja mikononi mwa jamaa zake, na tangu siku hiyo hatima ya matibabu yake huwa chini ya mama, mume, kaka au shangazi, watu ambao mara nyingi hawakuketishwa na mtaalamu yeyote wakaelezwa dawa alizopewa ni za nini. Daktari huandika dozi, lakini nyumbani ndiko inakoamuliwa kama itamezwa au la, na kwa sababu hiyo kumwelimisha jamaa ni sehemu ya tiba yenyewe.

Dhana inayopaswa kuondolewa mapema ni ile inayodai kwamba dawa hizi zipo kwa ajili ya kumlaza mgonjwa ili nyumba ipate utulivu. Klopromazini, iliyoanza kutumika kwa wagonjwa wa akili mjini Paris mwaka 1952, ni kweli huleta usingizi, lakini kazi yake kubwa ni kupunguza nguvu ya dopamini, yaani kemikali mojawapo inayopitisha taarifa kati ya seli za ubongo, na kwa njia hiyo zile sauti ambazo mgonjwa huzisikia peke yake, pamoja na shuku za kwamba anawindwa, hufifia. Usingizi huonekana siku ile ile, ilhali kufifia kwa sauti na shuku huchukua siku nyingi au hata wiki kadhaa, hivyo familia inayotoa hukumu siku ya tatu inahukumu kabla ya wakati. Hali ni hiyo hiyo kwa sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyokwisha: fluoksetini au amitriptilini huhitaji wiki 2 hadi 6 kabla ya nafuu kuonekana, na katika muda huo kichefuchefu au kukauka kinywa hutangulia. Wiki hizo za mwanzo, hasa kwa vijana, jamaa wawe macho kwa maneno yoyote ya kutaka kujiua, na vidonge vitunzwe na mtu mmoja anayeaminika, kwa kuwa amitriptilini ikimezwa kwa wingi huweza kuuvuruga moyo na kuua.

Hakuna jambo linalovunja imani ya familia kuliko lile linaloweza kutokea siku chache baada ya kuanza haloperidoli, dawa ya kundi moja na klopromazini: shingo ya mgonjwa inapinda upande mmoja, macho yanageukia juu na kubaki huko, taya linakaza, ulimi unatoka nje, na yeye mwenyewe, akiwa na fahamu zake zote, anashindwa kusema kinachomsibu. Kwa macho ya watu waliomzunguka, hilo ni pepo amepanda kichwani, na mganga huitwa usiku huo huo. Ukweli ni kwamba hayo ni maudhi ya dawa, yaani athari isiyokusudiwa, yanayotokana na misuli kukazwa pale nguvu ya dopamini inapopungua katika sehemu ya ubongo inayoongoza mwendo. Mgonjwa akifikishwa hospitalini mara moja, sindano ya kuyatuliza humlegeza kwa muda mfupi, kisha daktari hupunguza dozi, hubadilisha dawa au huongeza vidonge vya benzeksoli vya kuzuia maudhi hayo. Familia iliyoambiwa mapema hukimbilia hospitali, na ile isiyoambiwa hutupa dawa. Ni jambo la kusikitisha kwamba maelezo ya dakika chache tu hukosekana.

Kuna pia suala la kuacha dawa, na hapa kosa huzaliwa na furaha. Mgonjwa amerudi kazini, anakula vizuri na kucheka na watoto, na wazee wanasema amepona, ameze dawa za nini tena? Lakini mara nyingi hali hiyo njema inashikiliwa na dawa hizo hizo, na ndiyo maana mtu aliyepata sonona kwa kawaida huendelea na dawa miezi kadhaa baada ya nafuu, na aliyepata saikosisi, yaani hali ya kupoteza mwelekeo wa uhalisia, huendelea kwa mwaka 1 au zaidi, kisha kuachishwa hufanywa polepole chini ya uangalizi. Mwenye saikosisi anayechoshwa na vidonge vya kila siku anaweza kumuuliza daktari kuhusu sindano inayochomwa mara moja kwa mwezi, na anayetaka kufunga Ramadhani ajadiliane naye mapema kuhusu saa za kumeza.

Heshima nayo ina uzito wake. Swali la kama amemeza dawa, likitupwa kila anapokasirika, humwambia mgonjwa kwamba hasira yake haina haki, hata pale alipodhulumiwa kweli. Heri aulizwe saa ya dawa ilipofika, kwa sauti ya kawaida. Dua na sala hazizuii dawa kufanya kazi, ila mitishamba yoyote anayokunywa ni lazima daktari aambiwe, kwa kuwa baadhi yake hugongana na vidonge.

Siku ya kliniki, basi, mgonjwa akiridhia, jamaa mmoja afuatane naye akiwa na paketi zote za dawa mkononi, na wasiondoke kabla ya kuuliza nafuu itegemewe lini, maudhi gani yanahitaji kurudi hospitali usiku huo huo, na nani ataamua siku ya kuacha.