Wasifu Usiosifu

Msibani kwetu marehemu hana kosa. Msomaji wa wasifu husimama kando ya jeneza akataja shule, kazi, watoto na wajukuu, nawe ukimsikiliza utadhani kijiji kinazika malaika. Wakristo wa Kimoravian wa Herrnhut, mji mdogo mashariki mwa Ujerumani, walijizoeza namna nyingine. Tangu karne ya 18 muumini alihimizwa aandike habari za maisha yake mwenyewe angali hai. Akifa, ndugu huongezea habari za siku zake za mwisho, kisha yote husomwa mazishini. Humo mtu hueleza kiburi cha ujana, imani iliyopoa, miaka aliyomkimbia Mungu, na jinsi Mungu alivyokataa kumwacha. Maelfu ya maandishi hayo yamehifadhiwa pale Herrnhut, ya mafundi na wajane, wajakazi na wamisionari. Mengi yanafanana mno, maana kila mwandishi alijua kanisa linataka kusikia nini. Hata hivyo, ni wachache duniani wanaokubali dhambi zao zisomwe mbele ya majirani, hata wakiwa wamekufa.

Watu hawa walikuwa na sababu ya kutojidai. Herrnhut ulianzishwa mwaka 1722 na wakimbizi wa imani kutoka Moravia, kwenye ardhi ya kabaila Nikolaus Ludwig von Zinzendorf, na haikupita miaka mitano wakawa hawasikilizani kwa ugomvi wa mafundisho. Mpaka leo wanaikumbuka tarehe 13 Agosti 1727, walipopatana kwenye Meza ya Bwana katika kanisa la Berthelsdorf. Baadaye wakaanguka vibaya zaidi. Katika kisiwa cha Saint Thomas huko Karibi, walikokwenda mwaka 1732 kuwahubiria watumwa, misheni yao ilikuja kumiliki shamba pamoja na watumwa wake.

Makaburi yao yako kwenye kilima cha Hutberg. Wanaume wamelala upande wao na wanawake upande wao, kwa mfuatano wa kufa, si kwa ukoo. Msomi na fundi viatu wote wamefunikwa na mawe bapa yanayolingana. Wote, isipokuwa Zinzendorf, aliyefariki mwaka 1760, na jamaa zake: makaburi yao makubwa yameinuka katikati, hayawezi kukupita. Usawa ulipomfikia mwenye ardhi, ulipiga magoti.

Alfajiri ya Pasaka jumuiya hupanda kilimani hapo kwa tarumbeta, ikangoja jua na kuungama imani ya ufufuo palepale juu ya wafu wake. Ibada hiyo ilianza mwaka 1732. Kanisa lenyewe halikubaki kilimani hapo: wamisionari wa Kimoravian walifika Rungwe, katika Tanzania ya leo, mwaka 1891, na leo Tanzania ina Wamoravian wengi kuliko nchi yoyote.

Huko Herrnhut ipo na desturi ya neno la siku, linalochapwa kitabuni kila mwaka tangu 1731. Mistari ya Agano la Kale huokotwa kwa kura kutoka kwenye bakuli, mmoja kwa kila siku, na kazi hiyo hufanywa miaka mitatu kabla. Mwenye kuokota anaweza kuwa amezikwa Hutberg kabla siku ya mstari wake haijafika, na kitabu kitachapwa vilevile.