Kipiga muziki cha dola 3,700: watu wanatarajia nini, na kaseti zetu zimo?

Wapo watu duniani ambao habari za mashine mpya ya kusikilizia muziki huzingojea kama wengine wanavyongojea mwezi muandamo. Hatuzungumzii simu wala kompyuta. Tunazungumzia kifaa cha kutia mfukoni chenye kazi moja tu, nayo ni kupiga muziki. Mwaka 2022 Sony walitoa Walkman yao iitwayo NW-WM1ZM2, yenye bodi ya shaba iliyopakwa dhahabu, uzito wake unakaribia nusu kilo, na bei yake Marekani ilikuwa kama dola 3,700. Tangu hapo mazungumzo ya mashabiki ni yale yale: itakayofuata itakuwaje? Chipu gani, betri ya saa ngapi, memori kiasi gani, na je, hii sasa ndiyo itatufikisha pale tunapopatamani, mtu akifumba macho amsikie mwimbaji kama aliye naye chumba kimoja?

Ndugu msomaji, kwa pesa hizo huko nyumbani mtu anachimba msingi na kununua matofali ya kuanzia. Na huku ughaibuni kuna wengi wetu ambao dola 3,700 ni jasho la miezi kadhaa ya zamu za usiku, na kabla hazijafika mkononi zimeshapigiwa simu: ada ya mtoto, dawa za mama, mchango wa harusi. Kwa hiyo si utovu wa adabu kuuliza mashine ya namna hii inampa mtu kitu gani ambacho simu yake haimpi. Tena swali lenyewe linatuhusu zaidi kuliko linavyoonekana, maana sisi ni watu wenye muziki mwingi ambao hauko popote ila kwenye kaseti zinazooza makabatini.

Tuanze na jinsi tulivyofika hapa. Tarehe 23 Oktoba 2001 Apple walionesha iPod ya kwanza, gigabaiti 5 kwa dola 399, na ahadi ya nyimbo elfu moja mfukoni. Kwa miaka kumi kifaa kile kilitawala. Kisha simu zikakimeza. Mwaka 2016 iPhone 7 ikatoka bila tundu la hedifoni, kampuni nyingine nyingi zikafuata mkondo huo huo, na Mei 2022 Apple wakatangaza kuwa hawatatengeneza tena iPod ya aina yoyote. Watu wengi hawakuhuzunika, kwa sababu muziki ulikuwa umeshahamia kwenye intaneti ambako mtu analipa kodi ya mwezi na kusikiliza anachotaka.

Lakini waliobaki hawakuridhika, na hao ndio soko la mashine za bei ya juu. Kampuni ya iriver ya Korea Kusini ilianzisha jina la Astell&Kern mwaka 2012, na miaka miwili baadaye ilikuwa inauza AK240 kwa karibu dola 2,500. FiiO wa China wakaja na mashine ya X3 mwaka 2013, kwa dola 200 hivi, wakathibitisha kuwa si lazima kuuza ng'ombe ili kusikia vizuri. Biashara ikajigawa: wengi wanasikiliza kwa simu, na wachache wananunua vito vya dhahabu vyenye tundu la hedifoni.

Kisa kinachofaa kukumbukwa na yeyote anayengojea mashine mpya ni kile cha Pono. Neil Young, mwanamuziki mashuhuri wa Canada, kwa miaka mingi alilalamika kuwa faili za MP3 zimeunyonya muziki damu. Machi 2014 aliomba umma umchangie dola 800,000 kupitia Kickstarter ili atengeneze mashine yake mwenyewe. Watu 18,220 walichanga zaidi ya dola milioni 6.2. Neno pono ni la Kihawaii, lina maana ya uadilifu, ya jambo lililo sawa. Mashine yenyewe ilikuwa na umbo la pembetatu, haikai vizuri mfukoni, na iliuzwa dola 399, bei ile ile ya iPod ya kwanza. Wahandisi wa Ayre Acoustics wa Colorado, watu wanaoheshimika katika fani hiyo, ndio waliochora mitambo ya ndani. Video ya kampeni ilionesha wanamuziki wakubwa wakitoka ndani ya gari baada ya kusikiliza, nyuso zao zimejaa mshangao.

Ni vigumu kukumbuka kifaa kingine cha muziki kilichobebeshwa matumaini makubwa kiasi hicho. Januari 2015 mwandishi wa Marekani David Pogue akakifanyia jaribio rahisi: akawasikilizisha watu nyimbo zile zile kutoka Pono na kutoka iPhone, bila ya wao kujua ipi ni ipi. Waliochagua simu walikuwa wengi kuliko waliochagua Pono. Watetezi wa Pono walilipinga jaribio lile kwa hoja ambazo baadhi yake zina uzito, lakini jeraha lilikuwa limeshaingia. Kilichoiua hasa kilikuwa kitu kingine. Duka la muziki la Pono liliendeshwa kwa mitambo ya kampuni ya nje, Omnifone. Omnifone ilipoangukia mikononi mwa Apple mwaka 2016 duka likafungwa, na Aprili 2017 Neil Young akatangaza mwisho wa safari. Mashine ilikuwa nzima, ila soko la kuilisha ndilo lililofungwa.

Hapo pana funzo la kibiashara, lakini tulitazame kwanza swali la sikio.

CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, hupima sauti mara 44,100 kwa sekunde, kila kipimo kikiwa na biti 16. Kihesabu hiyo inatosha kubeba sauti zote hadi kiasi cha mitetemo 20,000 kwa sekunde, ambao ndio mpaka wa juu wa sikio la kijana mwenye afya. Sisi tuliovuka miaka arobaini mpaka wetu umeshashuka, hilo halina ubishi. Faili zinazoitwa za ubora wa juu hupima mara 96,000 au 192,000 kwa sekunde, kwa biti 24. Wimbo wa dakika nne kwa MP3 ya kilobiti 128 ni kama megabaiti 4. Wimbo huo huo kwa kipimo cha CD, bila kubanwa, ni megabaiti 42. Kwa biti 24 na mara 192,000 unafika megabaiti 276. Mnunuzi anapoona namba hizo hudhani kuwa na utamu umeongezeka kwa kiwango hicho hicho.

Mwaka 2007 Wamarekani Meyer na Moran walichapisha matokeo ya majaribio 554, ambamo wasikilizaji walitakiwa kutofautisha sauti ya ubora wa juu na sauti hiyo hiyo iliyopitishwa katika kipimo cha CD. Walipatia mara 276. Yaani ni sawa na kurusha shilingi hewani. Mwaka 2016 Joshua Reiss wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, alikusanya tafiti 18 pamoja na kukuta kuwa tofauti ipo, ila ni ndogo: wasikilizaji walipatia kama asilimia 52, na waliofunzwa kwanza ndio waliofanya vizuri zaidi. Kwa maoni yangu mjadala huo uishie hapo. Anayesema hakuna tofauti kabisa anazidisha, na anayeuza dhahabu kwa kisingizio cha asilimia mbili anazidisha zaidi.

Tofauti ambayo masikio ya kawaida huisikia iko kwingine. MP3 iliyobanwa sana inasikika vibaya, hasa kwenye matoazi na makofi. Hedifoni mbaya inasikika vibaya hata ukiichomeka kwenye mashine ya mfalme. Na studio iliyorekodi kwa kelele haitarekebishwa na chipu yoyote. Wenye pesa kidogo wangefanya vyema kuanza na hedifoni, halafu wahakikishe faili zao ni za FLAC, mtindo uliotoka mwaka 2001 ambao hupunguza ukubwa wa faili bila kutupa chochote. Hata kampuni za intaneti zimeshalikubali hilo: Apple Music walianza kutoa sauti isiyopunguzwa Juni 2021 bila kuongeza bei, na Spotify, baada ya kuahidi tangu Februari 2021, walitekeleza Septemba 2025.

Sasa turudi kwetu. Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 na kurekodi santuri zilizouzwa pwani yote. Santuri zile zilinasa sehemu tu ya sauti yake; mitambo ya wakati huo haikufika hata nusu ya upana ambao CD inaubeba. Ukiziweka kwenye mashine ya dola 3,700 utausikia mkwaruzo wa sindano kwa ufasaha wa ajabu, na Siti atabaki pale pale alipoachwa na mitambo ya 1928. Nyimbo za NUTA Jazz, za Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, za Mlimani Park zilizopigwa katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam zina hali bora zaidi, kwa kuwa zilirekodiwa kwenye utepe mpana wa redio, na anayebahatika kusikia nakala iliyotoka kwenye utepe wenyewe hushangaa besi ilivyo nene. Bahati mbaya wengi wetu hatujawahi kuzisikia hivyo. Tulizisikia kwa kaseti iliyonakiliwa kutoka kaseti iliyonakiliwa kutoka redioni.

Na taarabu ndiyo zaidi. Wenye umri wetu wanakumbuka maduka ya mtindo wa Mbwana Radio Service ya Mombasa, ambako kaseti za taarabu zilirekodiwa na kuuzwa, na kila nyumba ikawa na rafu yake. Rekodi za harusini, zenye vigelegele na mtoto analia nyuma, hazikuwahi kutoka kwa kampuni yoyote. Sina budi kukiri upendeleo hapa: nilipoondoka nchini niliondoka na begi moja, na ndani yake mlikuwa na kaseti sita. Mbili zimeshaanza kunata. Mfululizo wa Zanzibara uliotolewa na Buda Musique wa Ufaransa, ambao CD yake ya kwanza mwaka 2005 iliadhimisha miaka mia ya Ikhwani Safaa, umeokoa sehemu, na tunawashukuru. Lakini ni tone katika bahari.

Kwa hiyo mimi nikiulizwa natarajia nini kutoka mashine mpya ya hali ya juu, sitataja dhahabu wala mara 192,000. Nataka betri inayofunguliwa kwa bisibisi na kubadilishwa, kwa sababu betri hizi za lithiamu huchoka baada ya miaka michache ya kuchajiwa, na mashine ya dola elfu tatu iliyofungwa kwa gundi huishia kuwa jiwe la kuzuia karatasi. Nataka nafasi ya memori kadi, muziki wangu uwe wangu hata kampuni ikifilisika. Wanunuzi wa Pono waliokuwa na faili zao kwenye kadi walibaki nazo duka lilipofungwa. Nataka ifanye kazi bila intaneti, Pemba, Kigoma, au ndani ya treni chini ya ardhi. Vitufe vya kubonyeza gizani pia, si kioo kitupu.

Na nataka tundu la kurekodia. Hapa ndipo watengenezaji wananishangaza. Mnamo 2003 na 2004 iriver, hao hao walioanzisha Astell&Kern, walikuwa na mashine zao za H120 na H140 ambazo mtu aliweza kuunganisha na redio kaseti kwa waya na kurekodi moja kwa moja. Mashine nyingi za leo za bei kubwa hazipokei chochote, zinatoa tu. Ungedhani dunia nzima muziki wake umeshaingia kwenye intaneti na hakuna kilichobaki kuletwa. Mwaka 2024 FiiO walitoa kipiga kaseti kipya, CP13, kwa kama dola 100, ishara kwamba wapo wanaokumbuka kaseti, ingawa nacho hakirekodi.

Asiyetaka kungoja anaweza kuanza wikendi hii. Kinachohitajika ni redio kaseti iliyo nzima yenye tundu la hedifoni, waya, kifaa kidogo cha USB cha kuingizia sauti, na kompyuta yenye programu ya bure ya Audacity. Safisha kwanza kichwa cha kusomea kwa pamba na spiriti. Ipeleke kaseti mbele hadi mwisho na kuirudisha kabla ya kuipiga, ili utepe ulegee. Rekodi kwa kipimo cha CD au biti 24, hifadhi kwa FLAC, andika jina la mwimbaji, klabu, mji na mwaka kama unaujua, na utengeneze nakala mbili zikae nyumba mbili tofauti. Kaseti ya dakika 90 itachukua dakika 90, hakuna njia ya mkato. Inayonata usiilazimishe, ipelekewe mtu mwenye ujuzi, maana ikikatika imekatika.