Saa ya Hadithi kwa Watoto Wanaoanza Kutembea

Shule nyingi zikiamua kufungulia watoto wadogo milango ya maktaba, maandalizi yote huelekezwa kwa watoto. Mwalimu huchagua kitabu, hukisoma mapema, hutandika mkeka. Kipindi kinaanza, na dakika ya nne haijaisha mmoja yuko chini ya meza, mwingine analamba jalada, wa tatu analilia kunyonya. Hakuna kilichoharibika. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu husikiliza huku anatembea, na ukimlazimisha kukaa atajifunza kwamba kitabu ni adhabu.

Anayepaswa kuandaliwa hasa ni mtu mzima aliyekuja naye. Dakika 20 kwa wiki haziwezi kumkuza mtoto kilugha. Kinachomkuza ni mazungumzo ya kila jioni nyumbani, na maktaba ndipo mahali ambapo mama, baba, bibi au dada wa kazi anaona yanavyofanywa.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1988, Grover Whitehurst na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti kuhusu watoto wa miezi 21 hadi 35. Wazazi wa kundi moja walielekezwa kuuliza maswali na kurefusha majibu ya mtoto wakati wa kusoma. Wengine waliendelea kusoma walivyozoea. Baada ya mwezi mmoja tu, watoto wa kundi la kwanza walikuwa mbele kwa usemaji. Matokeo ya Khayelitsha, kitongoji cha watu wa kipato cha chini jijini Cape Town, yanatugusa zaidi: mwaka 2015 ilichapishwa taarifa ya mafunzo ya aina hiyo ya wiki 8 kwa mama wa watoto wa miezi 14 hadi 16. Watoto wao waliongeza maneno, na pia uwezo wa kutulia kwenye jambo moja.

Kinachofundishwa ni chepesi. Mtoto ananyoosha kidole kwenye picha na kusema, "Aka!" Usimwambie amekosea. Sema, "Ehee, paka. Paka amelala." Kisha nyamaza. Hesabu moja hadi tano kimoyomoyo. Kwa mtu mzima ni kimya kirefu, ila mtoto anakihitaji ili atafute neno. Akisema, "Lala," mwongezee: "Amelala juu ya mkeka." Ukiuliza "Huyu ni paka?" utajibiwa kwa kichwa, ukiuliza "Paka anafanya nini?" utapata neno. Mwalimu afanye hivyo na mtoto mmoja mbele ya wote, halafu agawe vitabu ili kila mtu mzima ajaribu na wake, naye apite akisikiliza.

Hapa ndipo bibi asiyejua kusoma anapopata nafasi yake, na naomba walimu walizingatie hili. Mpe kitabu cha picha tupu. Asimulie anachokiona, kwa Kiswahili au kwa Kisukuma au kwa lugha yoyote anayoimudu vizuri. Mjukuu atapata maneno yale yale ambayo angepewa na msomi, pengine na zaidi, maana bibi ana hadithi.

Kipindi chenyewe kiwe kifupi. Fungua kwa paukwa na pakawa, hata kama wanaoitikia mwanzoni ni wazazi peke yao. Baada ya wiki kadhaa utasikia sauti ndogo zikidakia. Soma kitabu kimoja chenye maneno machache kwa ukurasa. Kikiwa hakina sauti, zitie wewe: jiwe lianguke majini chubwi, jogoo awike kokorikoo. Mtoto ambaye bado hajasema "jogoo" atawika. Weka wimbo wa makofi katikati, kisha kisome tena kitabu kile kile.

Wiki ijayo kirudie. Watu wazima huchoka, watoto hawachoki. Mwaka 2011 Jessica Horst na wenzake wa Uingereza walionyesha kuwa watoto wa miaka mitatu waliosomewa hadithi zile zile kwa kurudia walishika maneno mapya zaidi kuliko waliosikia maneno hayo hayo katika hadithi tofauti tofauti.

Chumba cha maktaba ya shule kimepangwa kwa wanafunzi wakubwa. Chagua Jumamosi au saa za jioni, sukuma meza ukutani, okota pini, ziba soketi za umeme, ondoa ndoo za maji. Sheria ya kunyamaza isimame kwa muda huo. Vitabu viwe kwenye kapu sakafuni, si rafuni.

Vitabu vyenyewe ni haba, na vya kurasa ngumu ni ghali. Mradi wa African Storybook, ulioanzishwa Afrika Kusini, unatoa hadithi bure zikiwemo za Kiswahili, na zinaruhusiwa kuchapwa. Picha za magazeti ya zamani zikibandikwa kwenye vipande vya boksi na kufunikwa kwa nailoni, tayari ni kitabu.

Na viazimwe. Najua mtunza maktaba anaulizwa kila kitabu kilichopotea, kwa hiyo hivi vya kapuni vipewe daftari lao, nje ya orodha ya shule, na mwalimu mkuu akubali tangu mwanzo kwamba baadhi havitarudi. Kikirudi kimechanika, kigandishe kwa selotepu mtoto akiangalia, kisha mwache akirudishe kapuni na kuchagua kingine.