Wageni Walipao Ili Wachunge Ng'ombe

Katika mashamba ya ng'ombe ya magharibi ya Marekani, farasi hukusanywa zizini asubuhi na mapema. Mgeni wa mjini, mwenye kofia pana na viatu vipya, huchaguliwa farasi mpole. Huonyeshwa kupanda kwa upande wa kushoto na kushika hatamu kwa mkono mmoja, kisha hufuatana na wachungaji kwenda kuhamisha ng'ombe. Jioni hurudi mapaja yakimwuma. Ajabu ni kwamba kwa kazi hiyo halipwi kitu. Yeye ndiye alipaye.

Desturi hii inajulikana sana kwa ajili ya ndugu watatu, Howard, Willis na Alden Eaton, watu wa Pittsburgh waliofuga ng'ombe katika nchi ya Dakota. Rafiki zao walikuja kwa gari la moshi kuwinda na kupanda farasi, wakakaa siku nyingi wakila bure. Ndugu hao waliona haya kumtoza mgeni, ingawa mzigo ulikuwa mzito. Mwaka 1882 mgeni mmoja alishikilia kwamba lazima alipe, wakakubali.

Kiangazi cha 1886 kilikuwa kikavu, na ng'ombe walikuwa wamezidi nyasi. Kisha ikaja baridi kali. Theluji iliyeyuka kidogo, ikaganda tena ikawa barafu ngumu, ng'ombe wasiweze kuyafikia majani. Wakafa kwa maelfu. Theodore Roosevelt, jirani yao aliyekuja kuwa Rais mwaka 1901, alipoteza zaidi ya nusu ya ng'ombe wake. Wafugaji wengi waliiacha nchi ile. Akina Eaton, wenye pato la pili, walidumu. Mwaka 1904 walihamia Wyoming, chini ya milima ya Bighorn, na shamba lao hupokea wageni hata leo. Mwaka 1926 wenye mashamba ya namna hiyo waliunda chama chao.

Wachungaji waliwacheka wageni hao kuwa ni watanashati wa mjini, lakini hawakuwadharau. Wala mfugaji mwenye busara haachi ng'ombe kwa sababu ya wageni, kwa kuwa mgeni hulipa ili aione kazi ya kweli. Zizi likiwa tupu, hana la kujia. Na mwaka wa nyasi chache, fedha ya mgeni humwezesha mwenye shamba kuuza madume mapema, akabakiza mitamba yake.