Anayeanzisha kanisa, nani anamchunga yeye?

Msomaji wangu, wiki hii twende Tongoni, kijiji cha wavuvi kilicho kusini mwa Jiji la Tanga, kwenye barabara iendayo Pangani. Wengi wanakijua kwa magofu ya msikiti na makaburi ya kale ya Waswahili. Uislamu umekuwa hapo kwa mamia ya miaka. Ndiko alikotumwa mchungaji mmoja kijana, mtu wa milimani, akaanzishe kanisa. Baadhi ya mambo yake nimeyabadilisha ili asitambulike.

Alikuja kliniki akilalamika kichwa kuuma na kukosa usingizi. Ana miaka 36, na presha yake ilisoma 158 kwa 100. Nikamuuliza amekula lini mara ya mwisho. Akajibu, “Juzi, Dokta.” Alikuwa kwenye mfungo wa siku tatu, bila chakula wala maji, akiombea kanisa likue.

Kwa mwaka mmoja na nusu alikuwa amepata waumini 11, wengi wao watumishi wa serikali waliopangiwa kazi huko. Mmoja akipata uhamisho, familia nzima inaondoka kwenye ibada. Kodi ya nyumba alikuwa anadaiwa. Yeye na mkewe walikuwa wanaongea mambo ya lazima tu.

Nilidhani atalalamikia majirani. Akatikisa kichwa. “Majirani hawana shida na mimi, hata samaki wananiletea. Shida ni kwamba naomba, na Mungu amenyamaza. Labda sikuitwa.”

Mimi si mwanatheolojia, na kwa hilo sikuwa na jibu. Ila kuna jambo moja nilikuwa na hakika nalo: mtu asiyelala, asiyekula na mwenye madeni hawezi kupima vizuri kama aliitwa au hakuitwa. Akili iliyochoka huona kila kitu kimeshindikana.

Mwili unafanya nini

Ukiwa na hofu au mzigo mkubwa wa mawazo, mwili hutoa homoni kama adrenalini na kotisoli. Moyo huenda mbio, mishipa ya damu hubana, sukari huongezeka kwenye damu. Kwa muda mfupi hali hiyo inasaidia. Ikiendelea kwa miezi, usingizi unaharibika, kichwa na tumbo vinauma, hasira zinakuwa karibu. Hizo si dalili za imani haba. Zinampata mwalimu, muuguzi, mfanyabiashara na mchungaji vilevile.

Uchovu au sonona?

Shirika la Afya Duniani linautambua uchovu uliopitiliza unaotokana na kazi kuwa ni hali inayohusiana na kazi, ingawa haliuiti ugonjwa. Una alama tatu: nguvu kuisha, kuichukia kazi uliyokuwa ukiipenda, na kuona hufanyi lolote la maana.

Sonona ni ugonjwa. Huzuni, au kukosa hamu ya mambo yote, hudumu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na mabadiliko ya usingizi na hamu ya kula, kujilaumu, na wakati mwingine kutamani kufa. Sonona inatibika kwa ushauri nasaha, kwa dawa, au kwa vyote viwili. Aliye na mawazo ya kujiua asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Waliotangulia pwani hii

Nilimkumbusha habari za Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844 kuanza kazi ya umisionari. Katika miezi michache ya mwanzo, homa ilimchukua mkewe, Rosine, pamoja na mtoto wao mchanga. Krapf mwenyewe aliugua sana. Mwaka 1846 alifika mwenzake, Johannes Rebmann, na ndipo wakaanzisha kituo cha Rabai. Mwaka 1848 Krapf alifika hadi Vuga, Usambara, kwa mtawala Kimweri. Mwaka 1853 aliondoka kwa sababu ya afya mbaya, akiwa ameacha waumini wa kuhesabika kwa vidole. Leo Rabai inatajwa katika historia ya Ukristo wa Afrika Mashariki, lakini yeye alipokuwa akipanda meli angeweza kujiona ameshindwa.

Ufanye nini?

Kwanza, pima presha na sukari. Kipimo kimoja hakitoshi. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi, rudi upimwe siku nyingine. Ikiwa juu sana, au una maumivu ya kifua au mwili kupooza, usisubiri.

Pili, funga kwa akili. Waislamu wa Tongoni hufunga mwezi mzima wa Ramadhani, lakini jua likizama wanafuturu, na kabla ya alfajiri wanakula daku. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga. Kukaa siku tatu bila maji kunaweza kuharibu figo. Mwenye kisukari, mjamzito, au anayetumia dawa amwone daktari kabla ya kufunga, na asiache dawa.

Tatu, tafuta mtu mmoja nje ya kanisa lako wa kumweleza ukweli. Waumini 11 wanaokutegemea hawawezi kubeba mzigo huo.

Nne, weka siku moja ya mapumziko kila wiki. Jumapili si mapumziko kwa mchungaji.

Tano, msikilize mkeo. Mama mchungaji naye amehama kwao, anapika kwa bajeti isiyotosha, na hakuna anayemuuliza hali.

Nanyi mliowatuma hawa vijana, kabla ya kuuliza idadi ya waumini, ulizeni analala saa ngapi na kodi imelipwa na nani.

Nilimuuliza mchungaji wangu kama amewahi kuhubiri habari za Eliya chini ya mretemu. Akacheka: “Mara tatu.” Nikamwambia, basi unajua kwamba kabla ya kuanza safari alilala akala, akalala tena akala tena.

Baada ya wiki sita alirudi na mkewe. Presha ilikuwa 136 kwa 86. Waumini bado ni 11, lakini analala.

Tukutane wiki ijayo.