Wezi Wasiotaka Ng'ombe

Alfajiri ya Septemba 6, 2014, watu wenye silaha walivamia kituo cha polisi cha Ushirombo, makao makuu ya Wilaya ya Bukombe. Waliua askari wawili, wakabeba bunduki na risasi, wakatokomea. Januari 2015 askari wengine wawili waliuawa Ikwiriri mkoani Pwani na silaha zikachukuliwa. Julai 12 mwaka huohuo ikawa zamu ya Stakishari, Dar es Salaam, ambako polisi wanne walikuwa miongoni mwa waliokufa. Jambazi wa kawaida hukwepa kituo cha polisi. Hawa walikifuata, kwa sababu bunduki ndiyo mali waliyoitaka.

Kwa mtu wa Ushetu, Ushirombo si mbali. Kabla ya Mkoa wa Geita kuanzishwa mwaka 2012, Bukombe ilihesabiwa Shinyanga, na kabla ya hapo ilikuwa sehemu ya Kahama, wilaya ileile iliyokuja kumegwa tena ikazaa Halmashauri ya Ushetu yenye makao yake Nyamilangano. Watu wa pande hizi mbili wanaoana na kuuziana ng'ombe. Tukio lile lilipaswa kumfanya kila mwenye dhamana huku ajiulize kama ulinzi tulionao, ambao kwa asili yake uliundwa kumkamata mwizi wa mifugo, unaweza kumnusa mtu asiyekuja kuiba mifugo.

Ulinzi huo ni sungusungu, na ulizaliwa hapahapa, katika vijiji vya Kahama na Nzega mwanzoni mwa miaka ya 1980. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979, silaha zimezagaa, maduka matupu, na wizi wa ng'ombe umekuwa wa kumwaga damu. Polisi walikuwa mbali, na mara nyingi mshtakiwa alirudi kijijini kabla ya mlalamikaji. Wanavijiji wakajipanga wenyewe. Kila kaya ilitoa mtu, akiwa na upinde, mishale na filimbi. Kiongozi wao alipewa cheo cha ntemi, yaani chifu, miaka ishirini hivi baada ya Serikali kuwafuta watemi wenyewe. Nadhani hilo halikuwa mzaha. Watu walichukua jina la mamlaka waliyoikumbuka wakalijaza kazi waliyoihitaji.

Anayelitazama jeshi hili kwa kuhesabu mishale hataielewa nguvu yake. Nguvu ilikuwa katika wajibu wa kutoka. Mwano, yaani yowe la kuitana, ukipigwa usiku, unaacha kitanda, unaacha chakula, unaelekea kwenye njia yako uliyopangiwa, njia panda au kivuko, na kijiji cha pili kinaupokea mwano na kuupeleka mbele. Aliyebaki ndani alitozwa faini. Akikaidi, alitengwa: hakuna wa kumsalimia, hakuna wa kumpa moto wala kumsaidia kuzika. Katika nchi ya Wasukuma na Wanyamwezi adhabu hiyo inauma kuliko jela, kwa kuwa jela ina siku ya kutoka.

Dola ilisitasita. Mwalimu Nyerere na viongozi wa chama waliliunga mkono kundi hili mapema, huku polisi na mahakama wakiona watu wanakamata, wanahoji na kuhukumu bila sheria yoyote mkononi. Mwaka 1989 sheria za mgambo zilirekebishwa, sungusungu wakatambuliwa na kupewa uwezo wa kukamata kama mgambo. Mgambo nao walikuwa zao la hofu ya nje: Mwongozo wa TANU wa 1971, uliotaka uwepo wa mgambo, uliandikwa miezi michache baada ya Wareno kuivamia Guinea na wiki chache baada ya Idi Amin kutwaa madaraka Uganda.

Mahakama haikuwa na hofu ya bure, hata hivyo. Kuna waliopigwa hadi kufa, na kuna vikongwe waliofukuzwa au kuadhibiwa kwa tuhuma za uchawi. Na kuna jambo linalonitatiza zaidi. Kuanzia mwaka 2007 wauaji wa watu wenye ualbino walitamba Kanda ya Ziwa, Shinyanga ikiwa katikati. Septemba 2009 Mahakama Kuu, ikiketi Kahama, iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mvulana mwenye ualbino wa huko Bukombe. Vijiji vilivyoweza kufuata nyayo za ndama usiku kucha vilichelewa mno kuwapigia mwano hawa. Sababu yake ni kwamba muuaji hakutoka mbali, na nyuma yake alikuwepo mganga ambaye jirani wengi walimwendea kwa shida zao. Ilibidi Serikali ipige marufuku wapiga ramli mwaka 2015. Ulinzi wa kijiji unamwona vizuri anayeingia. Anayeishi humo, hasa akiogopwa au akitegemewa, haumwoni.

Na siku hizi hata huyo anayeingia haonekani kirahisi. Ushetu ni nchi ya tumbaku, na tumbaku inataka mikono mingi kwa miezi michache. Vibarua wanafika, wanajengewa kibanda pembeni mwa shamba, wanalipwa soko likifungwa, wanaondoka. Kusini kuna Ulyankulu, ambako wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 waliishi zaidi ya miaka arobaini hadi watu wapatao 162,000 wa kundi lao, huko na katika makazi mengine, walipopewa uraia mwaka 2014. Kwa hiyo kumtafuta adui kwa lafudhi ni kupoteza muda: aliye na lafudhi ya ng'ambo huenda ni raia aliyezaliwa hapa, na mwenye Kisukuma fasaha huenda hajulikani na mtu.

Dhahabu inakoroga zaidi. Jiwe moja likionyesha rangi, rashi inaanza. Wiki chache baadaye shamba la mahindi lina maturubai, karasha, mama lishe, vibanda vya kuchaji simu, na wanaume wanaoitana kwa majina ya utani. Kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, kumuuliza mtu jina la baba yake ni kutafuta ugomvi. Sungusungu wa kijiji hicho hawana la kufanya na umati huo. Nusu yao nao wako shimoni.

Ingia gesti yoyote ya Kahama au Ushirombo uone tunavyojidanganya. Mezani kuna kitabu kikubwa cha wageni chenye safu za jina, kabila, kazi, anakotoka, anakokwenda. Kabila linajazwa kwa uangalifu, sijui kwa faida ya nani. Kwenye safu ya kazi, ukurasa mzima ni "mfanyabiashara", "mfanyabiashara", "mkulima", "mfanyabiashara". Mhudumu haombi kitambulisho mara zote, na askari anayepita kukagua husaini chini na kwenda. Hicho ni kituo cha taarifa ambacho kila mji wa madini unacho tayari, bila gharama kwa Serikali, na tumekigeuza kuwa karatasi ya kumridhisha mkaguzi.

Kwenye biashara ya madini mambo yana sura mbili. Hatua iliyosaidia usalama kuliko bunduki nyingi ilitoka kwenye sera ya kodi. Mwaka 2019 wachimbaji wadogo walifutiwa VAT na kodi ya zuio, kisha masoko ya madini yakafunguliwa, la Geita likitangulia Machi mwaka huo. Dhahabu iliyokuwa ikiuzwa vichochoroni usiku ikaanza kupimwa mchana mbele ya maofisa. Biashara ikijulikana, wageni wake nao wanajulikana. Upande wa pili kuna baruti. Ukanda huu unalipua miamba kila siku, na stoo ya milipuko yenye daftari bovu ni hatari ileile ya ghala la silaha la Ushirombo.

Migodi mikubwa ilichagua uzio, walinzi wa kampuni, na makubaliano na Jeshi la Polisi. North Mara ndiyo funzo kali. Wanavijiji walioingia kuokota mawe, "intruda" kwa lugha ya huko, walipigwa risasi, wengine wakafa. Kesi ikafika London na kampuni ikamalizana na walalamikaji mwaka 2015. Mgodi unaomhesabu jirani kuwa tishio usitegemee jirani huyo atakuja kusema kwamba ameona gari lisilofahamika nyuma ya uzio.

Serikali, kwa upande wake, ina ngazi zote. Kamati ya usalama ya wilaya iko chini ya mkuu wa wilaya, ikiwa na polisi, usalama wa taifa, uhamiaji na mshauri wa mgambo. Polisi kata wamepelekwa hadi kwenye kata. Sheria ya maafa ya mwaka 2022 inataka kamati mpaka kijijini. Ushetu ilifika hata kumtoa Waziri wa Ulinzi, Elias Kwandikwa, mbunge wake hadi alipofariki Agosti 2021. Taarifa inapanda: balozi kwa mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji, kata, wilaya. Kushuka ndiko hakuna njia. Mwenyekiti aliyeripoti vijana wasioeleweka msituni haambiwi walikuwa wachoma mkaa au nani. Akiripoti mara tatu bila jibu, ya nne atalala.

Kunyamazishwa kwa risasi nako kupo. Kibiti mkoani Pwani, kati ya mwaka 2015 na 2017, waliouawa kwanza hawakuwa wakubwa. Walikuwa wenyeviti na watendaji wa vijiji, watu wanaojua nani ni mgeni wa nani. Hadi askari wanane walipouawa kwa mpigo Aprili 13, 2017, vijiji vingi vilikuwa vimekwisha kupoteza watu wa kutoa habari, wengine kwa kifo, wengine kwa kuhama. Mwenyekiti wa kitongoji wa Ushetu hana mshahara wala mlinzi. Ana simu, namba ya polisi kata, na mlango wa mbao unaojulikana na kila mtu. Kabla ya kumwongezea fomu za kujaza, wilaya ingeanza kwa kuhakikisha kwamba akipiga namba hiyo saa nane usiku inapokelewa, na kwamba jina lake halisomwi kesho yake mbele ya mkutano wa hadhara kama mfano wa raia mwema.