Ukomohedhi na Kopo la Madini

Mficha maradhi kifo humuumbua. Siku moja ya soko mjini Kipkelion, mwalimu mmoja wa kike wa umri wa makamo alinionyesha kopo la vidonge vya madini alilouziwa na mchuuzi. "Daktari," alininong'oneza, "hivi vitaniondolea lile joto la usiku?" Nilimkumbusha kuwa udaktari wangu ni wa lugha, si wa tiba. Hata hivyo, nilitambua kwamba pale tunapoona haya kutaja jambo, mchuuzi hututajia.

Neno tunalo: ukomohedhi, yaani mwanamke kupitisha miezi 12 mfululizo bila hedhi, aghalabu kati ya umri wa miaka 45 na 55. Si ugonjwa. Kinachopungua ni homoni ya estrojeni. Upungufu huo ndio uletao joto la ghafla, na ndio unaoidhoofisha mifupa. Joto hilo, basi, halitokani na uhaba wa madini, wala kopo halitalizima.

Na mifupa je? Wataalamu wa lishe wa Marekani hupendekeza miligramu 1,200 za kalsiamu kwa siku kwa mwanamke aliyepita umri wa miaka 50. Robo lita ya maziwa ina takriban 300; omena na sukuma wiki huongeza. Ajabu ni kwamba katika nchi hii ya ng'ombe, mama anaweza kukama alfajiri, akauza maziwa yote, kisha akanunua madini yale yale koponi kwa bei ghali. Isitoshe, utafiti wa Women's Health Initiative uliochapishwa Marekani mwaka 2006, uliohusisha wanawake zaidi ya 36,000, ulionyesha kuwa vidonge vya kalsiamu na vitamini D viliongeza uzito wa mfupa wa nyonga kidogo tu, bila kupunguza mivunjiko yake kwa kiasi cha kutegemewa. Waliovitumia walipata vijiwe vya figo zaidi. Asiyepata kalsiamu ya kutosha chakulani huenda akavihitaji, lakini kwa ushauri wa daktari.

Nilipogeuza kopo, niliona kuwa lilikuwa pia na madini ya chuma. Hedhi ikikoma, mahitaji ya chuma hushuka kutoka miligramu 18 hadi 8 kwa siku. Nilimwuliza kwa nini alihitaji kuongeza damu. Alinyamaza, kisha akakiri kwamba alikuwa ameanza kutokwa na damu tena, baada ya miaka miwili.

Hapo nilimsihi aende hospitalini kesho yake. Damu itokayo baada ya ukomohedhi yaweza kuwa na sababu ndogo, lakini pia yaweza kuwa dalili ya saratani ya mji wa mimba au ya mlango wake. Kidonge cha chuma huficha uchovu tu, chanzo hubaki.

Walimu wenzangu, tulifundishe neno hili darasani, mbele ya wavulana na wasichana. Mama zao wanalihitaji mbele ya daktari, bila kunong'ona.